Wasomaji Wauliza: Kujitolea kwenye darasa la ngoma

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dodoma na wilaya za jirani, na karibu zote zinagusa jambo moja: vijana wanaojitolea kwenye vyama na ushirika unaofundisha wenzao ngoma za asili. Tumechagua saba. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaacha.

Sijui kucheza, nitasaidia nini?

*Niko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka wa pili. Ushirika wetu unafundisha ngoma kila Jumamosi jioni kwa vijana wa mtaani, nami nimejiandikisha kujitolea. Tatizo miguu yangu ni mizito, sijawahi kucheza hata kwaito. Nisije nikawa mzigo. – Mwanafunzi, Ng'ong'ona*

Wachezaji hawakosekani. Anayekosekana ni mtu wa kufika saa 9 wakati darasa linaanza saa 10. Hiyo saa moja ya katikati ina kazi nyingi kuliko unavyodhani, na ikirukwa darasa zima huyumba.

Anza na uwanja. Dodoma adui wa kwanza wa mguu mtupu ni mbigili. Fagio la chelewa linaondoa kokoto na vipande vya chupa, lakini mbigili hujikita kwenye udongo na fagio hupita juu yake. Ukishafagia, chukua kipande cha godoro la sponji, kiwekee tofali juu, ukiburute uwanja mzima kwa mistari. Kigeuze kila baada ya hatua kumi: utaona miiba imejichomeka upande wa chini. Ing'oe, endelea. Uwanja wa mita 10 kwa 10 unakula dakika kumi na tano hivi.

Kisha maji ya vumbi. Uwanja huo huo unahitaji ndoo 4 za lita 20, zinyunyizwe kwa mkono au kopo lililotobolewa, nusu saa kabla ya kuanza. Ukizidisha unatengeneza utelezi, hasa pale penye udongo wa mfinyanzi, na mtu akiteleza wakati anaruka, goti ndilo linalolipa.

Maji ya kunywa: hesabu nusu lita kwa kila kijana kwa kila saa. Vijana 30 kwa saa 2 ni lita 30, yaani ndoo mbili zenye koki zisizojaa sana. Kila mmoja aje na kikombe chake. Kikombe kimoja cha kuzungusha ni njia fupi ya kuzungusha na mafua.

Mwisho ni daftari. Andika jina, umri, namba ya mzazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na safu moja ya ugonjwa unaojulikana. Vumbi la Julai linaamsha pumu, kwa hiyo mwenye dawa ya kuvuta aiweke kwenye meza yako, isibaki kwenye begi lililofungiwa ndani. Mezani hapo hapo weka boksi lenye sabuni, gozi, bendeji, plasta, glavu na kibano cha kutolea mwiba. Kibano ndicho kitakachotumika kuliko vyote.

Ukifanya hayo kwa wiki 10 mfululizo bila kukosa, hakuna atakayekuuliza kama unajua kucheza. Ukiona huwezi wiki 10, sema mapema unaweza ngapi. Anayeahidi miezi sita akapotea wiki ya tatu anaharibu kuliko asiyekuja kabisa, maana zamu zimeshapangwa kwa jina lake.

Ngoma zinalia kama debe

*Tangu mvua zianze ngoma zetu tatu zinatoa "bu" tu, hazina mlio. Ya nne kijana aliiegemeza kwenye moto ili ikaze, ikapasuka. Fundi yuko mbali na pesa hatuna. – Mratibu wa kikundi, Mpwapwa*

Ngozi hunyonya unyevu wa hewani, ikalegea. Kiangazi inafanya kinyume: inakauka, inakaza, na ikikaza kupita kiasi inachanika pale kwenye matundu ya vigingi. Kwa hiyo masika tatizo lenu ni mlio, kiangazi ni mipasuko.

Ngoma ya nne ilipasuka kwa sababu iliegemezwa. Sehemu moja ya ngozi ilipata joto lote, ikajikunja, ikavuta upande ambao bado ulikuwa na unyevu. Hapo tundu moja la kigingi likishaachia, mpasuko unakimbia hadi katikati. Ngoma haiegemezwi motoni, inashikwa na kuzungushwa.

Tumieni makaa au nyasi zilizoanza kufa moto, wala si ndimi za moto. Kabla ya kuleta ngoma, weka kiganja pale uso wa ngozi utakapokuwa uhesabu hadi kumi. Ukilazimika kuondoa mkono kabla ya kumi, uko karibu mno. Zungusha ngoma taratibu, na kila baada ya muda mfupi igonge kwa kidole katikati na pembezoni. Mlio ukipanda na pande zote zikafanana, toa. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10. Ukisikia harufu ya nywele kuungua, umeshachelewa. Mlio huo unadumu muda tu, kwa hiyo ngoma zipigwe moto kwa zamu: mbili zinalia, mbili zinaota.

Ile iliyopasuka msiishone. Uzi utashika kwa siku mbili, kisha utakata ngozi kama kisu. Badilisheni ngozi, kazi ambayo mtu makini anaiweza bila fundi.

Nunueni ngozi mbichi iliyokaushwa tu, ya mbuzi kwa ngoma ndogo, ya ng'ombe kwa kubwa. Ngozi ya kiwandani, ile ya viatu, imetiwa dawa ili iwe laini na haitakaza kamwe, hata muiote moto siku nzima. Loweka kwenye maji baridi: ya mbuzi usiku mmoja, ya ng'ombe siku nzima. Kuna wanaoharakisha kwa maji ya moto. Maji ya moto yanaipika ngozi, inajikunja na kuwa kama kwato.

Wakati inalowa, angalieni mdomo wa ngoma. Pitisheni msasa hadi kidole kiteleze bila kukwama, kwa sababu kijino kimoja cha mti kinatosha kutoboa ngozi mpya. Matundu ya zamani yaliyolegea yazibeni kwa vijiti vya mti mgumu, mtoboe mapya pembeni yake.

Kateni duara linalozidi mdomo wa ngoma kwa sentimita 7 au 8 kila upande. Litandikeni, upande wa nyama ukiangalia ndani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaanza kigingi cha kwanza halafu wanafuata duara, na wakifika mwisho ngozi imekusanyika mikunjo upande mmoja. Pigeni kigingi kimoja, cha pili kiwe mkabala wake, cha tatu na cha nne vikate msalaba, ndipo mjaze katikati, kila kigingi kikifuatwa na mwenzake wa upande wa pili. Ngozi ivutwe iwe imenyooka tu. Msiivute kwa nguvu zenu zote, kwa sababu itakapokauka itajivuta yenyewe, na ile iliyovutwa hadi mwisho ikiwa mbichi itang'oa vigingi au kuchanika usiku.

Ikaukie kivulini siku 3, masika siku 5. Nywele nyoeni kwa wembe ikishakauka juu ya ngoma, kuanzia katikati kwenda nje, na wembe ulale. Msiihifadhi kwenye sakafu ya saruji wala chini ya bati la moto. Itundikeni, na kamba ya kutundikia iwe ndefu na nyembamba, maana ngozi mbichi ni chakula cha panya.

Jambo la mwisho kuhusu mlio, na mara nyingi ndilo tatizo lenyewe: muheme, ngoma ya Wagogo, hupigwa na wanawake wakiwa wamesimama, ngoma imebanwa kati ya mapaja, imeinama mbele. Tundu la chini liko wazi. Mwanafunzi akiikalia au kuisimamisha moja kwa moja ardhini, pumzi ya ngoma inakwama na hata ngozi mpya italia "bu". Hakikisheni hilo kabla ya kwenda kununua ngozi.

Zeze letu limeharibika?

*Ushirika wetu wa kanisa unaandaa nyimbo za Kigogo kwa zeze, marimba na kinanda cha umeme. Kila tukiimba pamoja, zeze linasikika limeshuka. Tumelifunga upya mara nne kwa kufuata kinanda, na mzee anayelipiga sasa amekasirika. – Mwalimu wa kwaya, Kizota*

Mzee ana haki. Zeze lenu ni zima, mnalipima kwa mizani isiyo yake.

Uzi wowote ukiupiga unatoa sauti kuu, na juu yake sauti nyingine nyembamba ambazo uzi wenyewe unazizaa unapojigawa nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za asili, hasa kuanzia ile ya nne hadi ya tisa. Kinanda kimefungwa kwa utaratibu mwingine: oktavu, yaani kutoka *do* hadi *do* ya juu yake, imegawanywa hatua 12 zilizo sawa kabisa, na uzi haujui mgawanyo huo.

Jaribuni kwa gitaa, ambalo uzi wake una urefu wa karibu sentimita 65. Gusa uzi kwa wepesi, usiukandamize, sentimita 9.3 kutoka kwenye daraja, yaani sehemu moja ya saba ya urefu wake, kisha ugonge. Utasikia sauti nyembamba ya juu. Kama uzi wenyewe ni *do*, sauti hiyo inakaribia *ti* iliyoshushwa nusu. Sasa bonyezeni hiyo *ti* iliyoshushwa kwenye kinanda. Ya uzi iko chini kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni (hatua moja kati ya zile 12), na hata sikio lisilofundishwa linaona. *Mi* nayo iko chini, ila kidogo, kama sehemu moja ya saba ya nusu-toni. Mkilifunga zeze kufuata kinanda mnaziua sauti hizo mbili, na ladha ya wimbo inaondoka nazo.

Dawa ni kuzima kinanda wakati wa kujifunza. Mzee apige zeze, vijana waimbe wakimfuata, sauti ya kwanza peke yake hadi ishike, ndipo ya pili iingie. Waliokulia kwenye kwaya wana tabia ya kuisukuma ile ya saba, yaani hiyo *ti* ya uzi, ipande, kwa hiyo waketi karibu na zeze, wasikae nyuma. Kama uongozi unataka kinanda lazima kisikike siku ya onyesho, kishikilie *do* na *so* tu, na *re* mara mojamoja. Hizo tatu zinakubaliana na uzi kiasi cha kutosikika tofauti. *Mi* na *ti* mpigaji azisahau.

Mtakaotaka kusikia inavyopaswa kuwa, tafuteni rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliyepeleka zeze na marimba ya mkono mbali sana nje ya nchi. Au fungeni safari kwenda Chamwino Ikulu wakati wa tamasha la muziki wa Kigogo. Basi moja la vijana wakikaa hapo siku nzima linajifunza kuliko mazoezi ya mwezi.

Na mwombeni radhi mzee. Kufungua nyuzi za zeze la mtu bila yeye kuwepo si jambo dogo.

Binti yangu ni salama?

*Shikamooni. Binti yangu wa miaka 14 anajifunza muheme kwenye kikundi cha vijana wanaojitolea. Wanatoka giza limeingia, na jirani ananiambia muheme ni ngoma ya unyago. Nimtoe? – Mama, Chang'ombe*

Marahaba, mama. Usimtoe kabla hujaenda kukaa pale siku moja, bila kutoa taarifa. Kikundi kizuri kitakuletea kiti. Kikikuambia wazazi hawaruhusiwi, mtoe siku hiyo hiyo.

Ukiwa pale angalia haya. Kuna watu wazima wawili muda wote, na mmoja wao ni mwanamke? Kuna mahali pa wasichana kubadilishia nguo penye mlango unaofungika? Mwalimu anaporekebisha bega au kiuno anaonyesha kwa mwili wake mwenyewe, au anamshika mtoto? Anayejitolea hampakii mtoto kwenye bodaboda, hamwiti mazoezi ya peke yake, hamtumii ujumbe wa usiku. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama amekuzidi urefu. Ulizeni pia picha zinakwenda wapi: unapaswa kuwa umesaini kukubali kabla ya mtoto kupigwa picha ya kurushwa mtandaoni. Kukiwa na jambo la kutia shaka, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Suala la giza lina jibu rahisi: darasa liishe saa 12 kamili, si saa 12 na wimbo mmoja wa mwisho. Mwezi Juni jua la Dodoma linazama kwenye saa 12 na nusu hivi.

Kuhusu jirani, hakosei kabisa. Muheme ni ngoma ya wanawake na imekuwa na nafasi yake kwenye shughuli za kimila, lakini leo inapigwa harusini, kwenye sherehe na kwenye mapokezi ya wageni mchana kweupe. La kuuliza ni maneno ya wimbo. Mwombe bibi anayejua Kigogo akufasirie. Wimbo wa mavuno au wa kumkaribisha mgeni hauna shida. Wimbo wa siri za wakubwa ubaki kwa wakubwa. Na wowote unaosifu ukeketaji haupaswi kufundishwa, mdundo uwe mtamu namna gani: kumkeketa mtoto ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998.

Miundi inauma

*Baada ya wiki mbili za kuruka na njuga, vijana sita wanalalamika maumivu mbele ya mguu, na wawili wana vidonda kwenye kifundo. – Mwalimu wa kujitolea, Kongwa*

Ardhi ngumu, kuruka kwingi, mapema mno. Wapumzishe hao sita wiki moja bila kuruka. Wapige makofi na kuimba. Maumivu yakiwa kwenye nukta moja inayouma hata akikaa, aende hospitali. Kwa wengine: dakika 10 za kupasha mwili kabla, wiki 3 za kwanza miguu mitupu bila njuga, na miruko isizidi dakika 20 kwa darasa, ikigawanywa mara nne. Kutua kuanzie kwenye nyayo za mbele, magoti yamelegea. Ukisikia kishindo cha kisigino, simamisha.

Vidonda vinatokana na chuma kugusa ngozi yenye jasho. Chana kanga kuukuu vipande vya upana wa sentimita 10, zungusha mara mbili juu kidogo ya kifundo, ndipo ufunge njuga, na kidole kimoja kipite katikati. Vitambaa vifuliwe kila wiki. Njuga za mtu mwenye kidonda zisivaliwe na mwingine.

Nauli natoa mfukoni

*Niliambiwa nitarudishiwa nauli. Huu mwezi wa nne. Nikiuliza naambiwa "si ulisema unajitolea?" – Msomaji, Nkuhungu*

Kujitolea ni kutoa muda na ujuzi. Gharama za kikundi ni za kikundi. Andika hesabu yako kwa tarehe, ipeleke kwa katibu, na useme kuanzia lini hutaendelea bila nauli. Wengine mnaoanza sasa, dai karatasi moja siku ya kwanza: siku na saa za zamu, nauli kiasi gani na inalipwa lini, chakula kipo au hakipo, nani unamripoti, na mwisho wa kipindi ni tarehe gani.

Tukiwa hapo hapo kwenye pesa: bibi au babu anayeitwa kutoka Mvumi au Handali kuja kufundisha si mtu wa kujitolea, labda aseme mwenyewe. Apewe nauli ya kuja na kurudi, chakula, na posho yake mkononi kabla hajapanda gari. Nyimbo zake mkitaka kuzirekodi na kuziuza ni mazungumzo mengine kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, kwa hiyo pitieni kwa afisa utamaduni kabla, si baada.

Tulikuwa 40, tumebaki 9

*Tulianza Januari kwa shangwe. Machi wamebaki tisa. Tumekosea wapi? – Viongozi wa ushirika, Bahi*

Januari Bahi watu wako kwenye majaruba, na kwingineko ni palizi. Mliwaita vijana wakati mama zao wanawahitaji shambani. Anzeni Juni baada ya mavuno, mmalize mwishoni mwa Agosti, kabla ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba na mbali na ule wa kidato cha nne wa Novemba. Hapo mna wiki 10 hadi 12, na zinatosha ngoma moja vizuri. Moja. Kikundi chenye Wagogo, Warangi na Wasandawe kinavutiwa kuchanganya zote kwenye onyesho moja, na kinaishia kucheza kitu ambacho hakuna babu wa kabila lolote atakayekitambua.

Kosa la pili limo kwenye barua yenu wenyewe, mstari wa mwisho ambao tumeufupisha: mna ngoma nne. Vijana 40, ngoma nne, 36 wamesimama wanaangalia. Hata mvua isingenyesha wangeondoka. Hesabu ngoma moja kwa vijana watano, na kama hamna, kusanyeni madumu matupu ya lita 20, yaoshwe mafuta kwa sabuni na majivu. Gaweni makundi ya watu watano, zamu ya ngoma halisi iwe dakika 6 kwa filimbi, wengine waendelee na mdundo ule ule kwenye madumu. Dumu lishikwe mapajani kama ngoma yenyewe, ili zamu inapomfikia mtu, paja na mkono viwe vimeshazoea.